Kabla Hujaja Ofisini Kuulizia Mtoto wa Kuasili

Kila Siku ya Mtoto wa Afrika inapokaribia, Juni 16, sisi maafisa ustawi wa jamii tunaalikwa redioni. Mara ya mwisho nilipewa saa nzima nizungumzie ukatili dhidi ya watoto. Nilieleza dalili zake, nikataja namba ya kupiga, nikaeleza nani aende wapi. Simu zilipofunguliwa, wasikilizaji wengi hawakugusa ukatili. Walitaka mtoto wa kuasili, yaani wa kumchukua awe wao kisheria. Mmoja alisema anataka wa kike, asizidi miezi mitatu, "asiye na ndugu wa kuja kusumbua baadaye." Mwingine aliuliza ni shilingi ngapi.

Mtoto hauzwi. Nilitamka hivyo hewani na mtangazaji akacheka, mimi sikucheka. Lakini nikiwa njiani kurudi niliona kwamba na sisi tunatangaza vibaya. Mwezi huu tunahubiri ukatili, mwezi ujao kuasili, kana kwamba ni habari mbili. Ofisini kwangu ni jalada moja. Mtoto anayetafutiwa familia leo, mara nyingi ni yule ambaye jana aliumizwa na majirani wakanyamaza, au alihamishwa kutoka kwao kienyeji bila mtu kuandika popote.

Nianze na takwimu, kwa sababu zinasomwa ovyo. Jeshi la Polisi Tanzania lilirekodi matukio 15,870 ya ukatili dhidi ya watoto mwaka 2020. Mwaka 2021 yalishuka hadi 11,499, mwaka 2022 yakawa 12,163, na mwaka 2023 yakapanda hadi 15,301. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba 2021 tulifaulu na 2023 tukafeli. Jamani, hizo ni hesabu za waliofika kituoni. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na takribani robo tatu ya wasichana na wavulana walifanyiwa ukatili wa kimwili. Chukua sehemu hizo uzipime na idadi ya watoto wa nchi hii, utaona kuwa kinachofika polisi ni kidogo mno. Kwa hiyo namba ikipanda baada ya kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuamka kwenye kata na vijiji, na baada ya watu kuzoea dawati la jinsia na watoto la polisi, mimi sishtuki sana. Kinachonishtua ni kata ambayo mwaka mzima haileti hata tukio moja.

Ipo ya namna hiyo katika eneo langu. Nilipokwenda kuuliza, nilijibiwa kwa fahari kabisa kwamba "sisi huku tunamalizana." Kumalizana maana yake wazee wa pande mbili wamekaa, mbuzi ametoka, na binti wa darasa la sita amerudishwa kulala nyumba ileile.

Niseme wazi. Kesi ya kubaka mtoto haina mbuzi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na ikiwa mtoto yuko chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Kumpa mimba mwanafunzi, au kumwoa, ni miaka 30 tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Kwa haki nyingine za mtoto zilizomo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yaani jina, chakula, malazi, mavazi, matibabu, kusoma, kucheza na kutofanyishwa kazi zenye madhara, anayezivunja anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa serikali za mitaa. Neno lililotumika ni wajibu. Wanaosema "sikutaka kuingilia ya watu" walisome tena.

Nikifika hapa huwa kuna mzee ananyoosha mkono: kwa hiyo tusichape? Sheria inakataza adhabu iliyopita kiasi kwa aina au kwa ukali, ikizingatiwa umri wa mtoto, mwili wake na akili yake. Waya wa umeme na pasi ya moto havimo kwenye mjadala wowote wa malezi. Zaidi ya hapo naomba niishie, ofisi yangu haijanituma kujadili fimbo.

Utaratibu sasa, maana hapa ndipo kesi nyingi zinakofia. Mtoto akikueleza kwamba amefanyiwa kitendo cha kingono, usimwogeshe. Najua mkono wa mama unakimbilia maji. Usimwogeshe. Usimbadilishe nguo, kama umeshambadilisha, ile aliyokuwa amevaa usiifue, iweke kwenye bahasha ya kaki au ifunge kwa karatasi safi. Usiitie kwenye nailoni, unyevu unabaki ndani na ushahidi unaharibika (na mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu Juni 2019, sijui bado mnaitoa wapi). Mpeleke kwenye hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wako sehemu moja, ili asisimulie jambo lile mara tano kwa watu watano. Kama kituo hicho hakipo karibu, nenda hospitali au kituo cha afya chochote, au dawati la polisi. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, itajazwa, lakini matibabu hayasubiri fomu: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usimhoji mbele ya majirani. Kama hujui pa kuanzia, piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Baada ya hayo linakuja swali ambalo wananchi hawalioni. Mtuhumiwa akiwa ndiye baba mwenye nyumba, au mjomba anayelipa kodi ya chumba, mtoto huyu atalala wapi usiku huu?

Kwanza tunatafuta ndugu. Shangazi, bibi, mama mkubwa, yeyote wa ukoo ambaye hana mkono katika jambo lenyewe. Asipopatikana, tunaipigia simu familia ya kuaminika. Hizi ni familia tulizozichunguza na kuzipa mafunzo mapema, zimekubali kupokea mtoto kwa dharura, hata saa nne usiku, kwa siku au wiki chache. Mama mmoja mstaafu katika eneo langu amepokea watoto kwa miaka mingi sasa. Mtoto mmoja wa miaka saba aliyefikishwa kwake kutokana na utelekezwaji alikuwa anameza chakula kama anakimbizwa. Asubuhi ya tatu, akitandika kitanda, mama alikuta donge la ugali chini ya mto. Hakumgombeza. Jioni yake aliweka mezani kibakuli kilichofunikwa, akamwambia kwamba hicho ni chako, hata usiku ukiamka. Ilichukua wiki mbili madonge yale kukoma. Yameandikwa kwenye daftari lake kwa tarehe, na daftari lile lilinisaidia kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Ikionekana mtoto hawezi kurudi kwao karibuni, ndipo tunazungumzia malezi ya kambo. Neno hili limetuponza. Watu wakisikia "kambo" wanawaza mama wa kambo wa kwenye hadithi, wanakimbia. Malezi ya kambo ni mpango wa kisheria: familia inamlea mtoto chini ya usimamizi wa afisa ustawi, nasi tunaitembelea. Ubini wa mtoto haubadiliki, wazazi wake wanabaki wazazi wake, na hali ya kwao ikitengemaa anarudi. Waislamu wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu yatima, wasiotaka kugusa nasaba ya mtoto, huwaeleza njia hii kwanza.

Makao ya watoto ni ya mwisho. Yapo ya Taifa, kama Kurasini na Kikombo, na yapo ya mashirika na ya dini, yenye usajili. Hayajajengwa ili mtoto akulie humo mpaka ndevu ziote. Na hapa pana dhana inayonichosha: kwamba kila mtoto wa makao ni yatima anayesubiri kuchukuliwa. Wengi wana mama, wana babu, wana kaka mkubwa anayeuza maji stendi. Wageni wanakuja sikukuu na magunia ya mchele na maboksi ya sabuni, wanapiga picha na mtoto magotini, na kabla hawajaondoka mmoja anamvuta mlezi pembeni: "Huyu mnaweza kunipa?" Asanteni kwa mchele. Huyu hapewi mtu. Jalada lake linasema bibi yake yuko hai, na tunaendelea kuongea na bibi.

Tuje kwenye kuasili kwenyewe. Kuasili kunakata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa kumzaa na kumfanya mtoto wako kwa kila kitu, urithi ukiwemo. Ndiyo maana amri hiyo haitolewi na mimi, wala mkuu wa makao, wala mchungaji wako. Inatolewa na Mahakama Kuu. Mwombaji awe na angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Wanandoa wanaomba pamoja. Mtu asiye na mwenza anaweza kuomba ikiwa ni raia wa Tanzania. Mwanaume peke yake hapewi isipokuwa mtoto ni mwanawe, au Mahakama imeridhika kwamba kuna sababu maalumu. Asiye raia anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na amlee mtoto huyo kwanza chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Hayo ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.

Maombi yanaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri unakoishi, yanakwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Tunakuja nyumbani kwako. Tutaangalia mtoto atalala wapi, tutaongea na watoto ulionao na dada wa kazi, tutauliza kipato, afya, na kama mwenza wako anataka kweli au ameburuzwa. Usinunue kochi jipya kwa ajili yetu. Ukikubaliwa, kuna kipindi cha kukaa na mtoto chini ya usimamizi wetu kabla ya kwenda mahakamani. Wazazi wa mtoto wakiwepo, ridhaa yao inatafutwa, na Mahakama ndiyo inayoweza kuamua kuendelea bila ridhaa hiyo, kwa mfano pale walipomtelekeza au kumtesa. Mahakama inateua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto kwenye shauri, naye analeta taarifa yake. Amri ikitoka, mtoto anaingizwa kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa, iliyo chini ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ni ndefu, ndiyo. Nimewahi kuambiwa usoni kwamba tunafanya makusudi ili tupewe kitu kidogo. Anayeombwa kitu kidogo aripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, na aliyekuja nacho mfukoni arudi nacho.

Kwa sababu ya urefu huo, wapo wanaokatiza. Mtoto anachukuliwa wodini au kwa binti aliyezaa akiwa na hofu, bahasha inapita, tangazo la kizazi, karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, linapatikana kwa jina la mama mpya. Huko unakuwa umetoka kwenye Sheria ya Mtoto, unakaribia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Na miaka ikipita, mama mzazi anarudi na polisi, mtoto yuko darasa la tatu.

Lakini njia ninayokutana nayo kila wiki haina bahasha wala wodi. Ni ile ya "nimemchukua kijijini nije nimsomeshe." Ndugu wanaaminiana, kuku wanachinjwa, binti anapandishwa basi. Hakuna barua kwa mtendaji, hakuna uhamisho wa shule. Niliitwa kwenye nyumba moja ya hivyo saa nne asubuhi, siku ya masomo. Binti wa miaka kumi na moja alikuwa uani na beseni la vyombo, mtoto mchanga wa mwenye nyumba mgongoni. Nilipouliza kuhusu shule, mama mwenye nyumba alinionyesha sare: ipo, imetundikwa msumarini, bado ina mikunjo ya dukani. Aliinunua Januari. Tulikuwa Agosti. Yule mama hakujiona mkatili hata kidogo, na nyumbani kwa binti walikuwa wanamshukuru kila wakipiga simu.

Kulea mtoto wa ndugu ni jambo jema na hatujaja kulizuia. Ila mwandikishe kwa mtendaji wa mtaa ukifika naye, hamisha shule kabla ya kuhamisha begi, na mwachie njia ya kuzungumza na kwao bila wewe kusimama pembeni.

Ukija ofisini, njoo na mwenza wako, siku za kazi, na kitambulisho, cheti cha ndoa kama mna ndoa, na barua ya serikali ya mtaa. Usije na picha ya mtoto uliyemchagua tayari.

Yule bwana wa redioni, aliyetaka asiye na ndugu, alikuja wiki iliyofuata pamoja na mkewe. Tulikaa karibu saa mbili. Waliondoka na fomu. Sehemu inayouliza umri wa mtoto wanayeweza kumpokea waliiacha wazi, mke akasema watakwenda kuizungumza kwanza, wataniletea Jumatatu.