Asili kabla ya mia

Vijana wa kliniki hunipigia kuniuliza kama wakasome MPH, yaani uzamili wa afya ya jamii. Swali la kwanza huwa ada, la pili cheo. Mimi nawarudishia langu: chanjo ya Penta 3, dozi ya tatu ya chanjo ya watoto wachanga inayokinga magonjwa matano, kituoni kwako mmefika asilimia ngapi? Akinijibu kwa fahari, "Tumevuka mia, daktari," najua huyo aende shule haraka.

Na mimi nilikuwa huyo. Kabla ya kusoma nilikuwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya mkoani Pwani. Kila mwezi tulijumlisha rejesta za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, tukapeleka wilayani, na mstari wa chati yetu ukutani ukapanda hadi ukaipita mia. Kikaoni tulipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza, wala mimi, mtu anachanjaje watoto wengi kuliko waliopo.

Kwenye MPH utakutana na takwimu, afya ya mazingira, sera na uongozi, sayansi ya tabia. Yote yana kazi yake. Lakini kilichonibadilisha ni kitu cha darasa la nne: kiasi na asili, namba ya juu na namba ya chini ya sehemu. Mwalimu wa epidemiolojia, sayansi ya jinsi magonjwa yanavyoenea kwenye jamii, aliandika sehemu ubaoni, akafuta namba ya juu, akasema tuliyobaki nayo ndiyo tuliyokuja kusomea. Tulicheka. Lisome neno lenyewe lakini: asili-mia.

Kiasi ni rahisi. Mtoto kaja, kadungwa, muuguzi kaandika. Asili ni watoto wote waliostahili kuja, na hao hakuna aliyewapanga foleni akawahesabu. Ni makadirio yanayotoka kwenye sensa. Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania kama milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Miaka yote ya katikati ni kukisia, na kwenye maeneo ya pembeni ya Dar es Salaam, ambako kila wiki kuna mtu anamwaga mchanga wa kujengea, kisio linachakaa upesi.

Tuseme karatasi inakwambia una watoto 200, nawe umechanja 215. Hiyo ni asilimia 107.5, makofi. Kumbe eneo lako lina watoto 260, na kati ya hao 215, 30 wametoka kata ya jirani kwa sababu kituo chako kiko karibu na barabara. Wako uliowachanja ni 185, asilimia 71. Watoto 75 wako majumbani na chati yako inasema hawapo.

Tasnifu yangu ikawa kuwatafuta hao. Sitakuchosha na habari za vibali: maadili ya utafiti, halafu barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi, mganga mkuu, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kila mmoja na mhuri wake. Anza mapema, basi. Sampuli nayo, yaani idadi ya watoto wa kuchunguza, ina namba ambayo kila mwanafunzi wa MPH anaijua kama namba yake ya simu: 384. Inatoka kwenye kanuni ya takwimu: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Wengi wanaikariri na kuishia hapo. Ila ukichukua watoto kwa makundi, kijiji kwa kijiji, lazima uiongeze, pengine mara mbili, maana watoto wa jirani hufanana: mmoja akikosa chanjo, wa nyumba ya pili naye huenda kakosa kwa sababu ileile.

Na sababu zenyewe sikuzikuta nilikozidhania. Nilikwenda na dodoso lililojaa maswali ya uelewa wa mama na imani potofu. Kijiji kimoja siku ya kliniki ilikuwa Jumatano, na gulio lilikuwa Jumatano. Hapo uelewa una kosa gani?

Nyumba nyingine, mama alinitolea kadi kutoka chini ya godoro, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, safi kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Penta zote tatu zimejazwa. Surua-rubela, wazi, na mtoto ana mwaka na nusu. Alikwenda mara mbili, akaambiwa arudi wiki ijayo, watoto hawajatimia. Kichupa cha surua-rubela kina dozi 10, na kikishafunguliwa, kinachobaki baada ya saa 6 kinamwagwa. Basi muuguzi anaogopa kuulizwa dozi zilizopotea. Mama aliyerudishwa nyumbani hana safu yake kwenye rejesta.

Agizo la kusubiri watoto watimie nililijua vizuri. Kituoni kwangu nilikuwa nimelitoa mimi.