Mota na Jenereta ni Mashine Moja: Ufafanuzi kwa Waombaji wa Ukaguzi

Tangu ofisi yetu ianze kampeni ya kusajili jenereta za majumbani, maombi tunayopokea yamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wenye jenereta za kawaida za petroli au dizeli ambao wameziunganisha na nyaya za nyumba kwa njia zisizokubalika. Fungu la pili, ambalo linazidi kukua, ni la wanaoomba idhini ya mtambo ambao mota yake huzungusha jenereta, na jenereta hiyo, kwa maelezo yao, huilisha mota na kubakiza umeme wa kuwashia taa. Hatuna sababu ya kudhani kwamba waombaji hawa wana nia mbaya. Wengi wametumia akiba zao. Hata hivyo, makosa ya mafungu yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutozingatia kwamba mota na jenereta ni mashine ileile, na kwamba kinachozitofautisha ni upande ambao nishati inaingilia.

Jambo hili huonekana kwa mota ndogo iliyotolewa katika gari la kuchezea la betri. Zungusha shafti yake kwa vidole huku nyaya zake mbili zikiwa zimeachana: utaihisi nyepesi, ikikwama kidogo kila mara sumaku inapovuta chuma cha rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka. Sasa zigusanishe ncha za nyaya hizo, kisha uzungushe tena. Shafti imekuwa nzito, ingawa hukuongeza uzito wowote. Kilichobadilika ni kwamba umeme unaozalishwa na vidole vyako sasa una njia ya kupita, na mkondo unaopita kwenye koili (waya uliozungushwa mara nyingi) iliyo ndani ya uga wa sumaku husukuma koili hiyo kinyume na upande unaoizungushia. Heinrich Lenz aliieleza kanuni hii mwaka 1834: umeme unaozalishwa hupinga mwendo uliouzaa.

Historia nayo ilifuata njia hiyohiyo ya pande mbili. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted alionyesha kwamba waya wenye mkondo hugeuza sindano ya dira. Mwaka 1821 Michael Faraday aliufanya waya uizunguke sumaku ndani ya zebaki. Na mwaka 1831 alipata kinyume chake, yaani umeme kutokana na mwendo wa sumaku na koili. Katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873, mashine ya Zénobe Gramme iliyokuwa ikizalisha umeme iliunganishwa kwa nyaya na mashine nyingine ya aina yake, na hiyo ya pili ikazunguka na kufanya kazi ya mota.

Kutokana na kanuni hiyo, mota inayozunguka nayo huzalisha umeme ndani yake, na umeme huo hupinga ule unaoilisha. Ndiyo maana mota nyingi za kawaida za mkondo geu (AC), zikiwashwa moja kwa moja, huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida, kisha mkondo hushuka kadiri kasi ya mota inavyopanda. Mota iliyokwama haina kinga hiyo, na koili zake huungua kama hakuna kifaa cha kuikatia umeme. Tunaletewa malalamiko mengi kwamba mota fulani ni bandia, ilhali beringi yake imeganda kwa kutu na haijatiwa grisi tangu inunuliwe.

Turudi kwenye mtambo unaodaiwa kujilisha. Tuseme mota ina ufanisi wa asilimia 90 na jenereta asilimia 90, viwango ambavyo mashine nyingi ndogo hazivifikii. Kati ya wati 1,000 zinazoingia kwenye mota, zitatoka wati 810 kwenye jenereta. Zilizosalia zimegeuka joto katika koili, chuma na beringi. Mota iliyokuwa ikihitaji 1,000 sasa inapewa 810 hata kabla ya kuwashwa taa moja. Waombaji hujibu kwamba wameongeza gurudumu zito. Gurudumu hutunza nishati, halizalishi. Gurudumu la kilo 50 lenye umbo la sahani na kipenyo cha sentimita 60, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, lina takriban jouli 28,000, na taa moja ya wati 100 itazimaliza kabla ya dakika 5, hata tukisahau msuguano. Mtambo uliozunguka dakika tatu kwenye video haujathibitisha chochote, na tunaomba tusiletewe video zaidi.

Kwa fungu la kwanza, suala ni zito zaidi kwa sababu linahusu uhai. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi kila upande ni marufuku. Transfoma, kama mota, haichagui upande: umeme wa volti 230 unaoingia kutoka nyumbani huweza kutoka upande wa pili ukiwa wa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Umeme wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa nje, ukirudi wakati jenereta imeunganishwa, mashine mbili zisizokwenda sambamba hugongana. Shafti na koili huweza kuharibika, na kama jenereta itanusurika, gridi huigeuza mota ikaanza kuiburuta injini yake yenyewe.

Kinachotakiwa ni swichi ya kuchagua chanzo yenye nafasi tatu, yaani gridi, sifuri na jenereta, iliyotengenezwa ili vyanzo viwili visiweze kuungana kwa namna yoyote, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Mkaguzi huisogeza swichi katika kila nafasi, hupima volti upande wa gridi jenereta ikiwa inafanya kazi, kisha hujaza fomu na kuiwekea lakiri. Lakiri ikikutwa imevunjwa, au ukikutwa waya wa plagi mbili, huduma hukatwa siku hiyohiyo, na hairejeshwi mpaka ukaguzi wa pili ufanyike na kupita, jambo ambalo halifupishwi kwa kupiga simu.

Fomu ya maombi ina kipengele cha chanzo cha nishati kinachozungusha jenereta. Andika petroli, dizeli, maji, upepo au kingine kinachoweza kupimwa. Jibu la “mota yake yenyewe” halipokelewi, na fomu yenye jibu hilo hurudishwa bila kukaguliwa.