Kwa nini chui-milia wa kompyuta hula pesa nyingi hivyo?

Katika filamu ya Life of Pi ya mwaka 2012, kijana amekwama baharini ndani ya mashua pamoja na chui-milia. Mara nyingi unapomwona mnyama huyo, hayupo. Alitengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Rhythm & Hues ya California, na bahari yenyewe ilikuwa tangi la maji lililojengwa Taichung, Taiwan.

Wengi hudhani pesa huishia kwenye mashine. Mashine zina gharama yake, lakini zaidi hulipwa mikono ya watu, na kazi kurudiwa.

Tuanze na mashine. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Tuseme fremu moja yenye manyoya na maji inahitaji saa 10 za kurendwa, yaani kompyuta kukokotoa kila mwale wa mwanga umegonga wapi na umerudi na rangi gani. Sekunde hiyo moja ni saa 240, siku 10 kamili kwa kompyuta moja. Miale ikipunguzwa ili kuokoa muda, picha hutoka na chengachenga kama televisheni isiyoshika mawimbi. Na ukitaka chengachenga zipungue kwa nusu, miale lazima iongezwe mara nne, si mara mbili.

Kabla ya hapo watu wamekwisha fanya kazi ya miezi. Kwanza hutafutwa mwendo wa kamera halisi ili kamera ya ndani ya kompyuta itembee vilevile; ikipishana hata kidogo, nyayo za mnyama huonekana zikiteleza juu ya mbao. Kisha hujengwa mifupa, misuli juu yake, ngozi inayosogea juu ya misuli, halafu manyoya: chui yule alikuwa na zaidi ya milioni 10. Wahuishaji humtembeza, wengine humkata mwigizaji kutoka kwenye pazia la buluu alilopigwa picha mbele yake, unywele kwa unywele, na wa mwisho huunganisha vyote. Akisahau kivuli chembamba chini ya kucha, chui anaelea.

Maji ndiyo kiboko. Mguu ukitumbukia, maji husukuma manyoya, manyoya huzuia maji, nayo yakilowa hushikana mafungumafungu na kung'aa tofauti na yalipokuwa makavu.

Sasa mwongozaji anaomba kichwa kigeuke mapema kidogo. Ombi dogo, lakini misuli, manyoya, maji, vivuli na saa zile 240 vyote vinaanza upya. Na mikataba mingi ya kazi hii ni ya bei moja iliyokubaliwa mwanzoni, kwa hiyo gharama ya marudio huiangukia kampuni ya mafundi, si mwenye filamu. Huo ni mpango usio wa haki, na umeumiza kampuni nzuri.

Februari 2013 Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Siku chache baadaye chui wake akaipatia filamu Oscar ya athari za picha, huku mamia ya mafundi wakiandamana karibu na ukumbi. Bill Westenhofer, aliyesimamia kazi hiyo, alipoanza kuitaja hali ya kampuni jukwaani, muziki ulipandishwa na kipaza sauti chake kikazimwa.