Zuhura Juani: kitabu kilichojificha ndani ya kitabu kingine

Venus in sole visa, yaani Zuhura iliyoonekana juani, ni kitabu adimu cha kijana Mwingereza, Jeremiah Horrocks. Habari zake nyingi husimuliwa visivyo, na kijana huyu anastahili haki yake.

Dhana: Alikichapisha mwenyewe. Alifariki Januari 1641 akiwa na miaka 22 tu. Mswada ulipita mikono kadhaa hadi mwanaastronomia Johannes Hevelius wa Gdańsk, Poland, akauchapa mwaka 1662, tena nyuma ya kitabu chake mwenyewe kuhusu mpito wa Utaridi, yaani sayari hiyo kuonekana ikipita mbele ya jua. Ukikitafuta kwenye maktaba, anza na jina la Hevelius.

Dhana: Mwanaastronomia Mjerumani Kepler alishatabiri kila kitu. Alitabiri mipito ya Zuhura na Utaridi ya 1631, na ule wa Utaridi Mfaransa Gassendi aliuona Paris. Lakini kwa 1639, hesabu za Kepler zilionyesha Zuhura ikipita kando kidogo ya jua. Horrocks alizikagua upya, akaliona kosa, akamwandikia haraka rafiki yake William Crabtree naye aangalie.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, 24 Novemba kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, kijijini Much Hoole. Ndani ya chumba chenye giza, darubini ilimwaga taswira ya jua juu ya karatasi aliyoichora duara la sentimita 15 hivi. Mawingu yalimsumbua. Saa 9:15 alasiri yakaachia, na pale karatasini palikuwa na doa jeusi, la mviringo kamili, limeshaingia lote. Alikuwa na nusu saa tu kabla jua halijazama. Akapima mara tatu. Kipenyo cha doa kilikuwa kama sehemu ya 25 ya kipenyo cha jua, kidogo mno kuliko wataalamu walivyodhani.

Dhana: Alikuwa kasisi. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwekewa mikono. Yeye aliandika tu kwamba siku ile aliitwa kwenye shughuli muhimu zaidi; mengine watu wamejijazia.

Dhana: Zuhura ikiwa kati yetu na jua, lazima tuione juani. Hufika hapo kila baada ya siku 584 hivi, ila njia yake imeinama kwa nyuzi 3.4 ukilinganisha na ya Dunia, hivyo kwa kawaida hupita juu au chini ya jua. Mpito wa 6 Juni 2012 tuliupata Afrika Mashariki jua likichomoza na doa lake tayari. Mwingine ni Desemba 2117. Utaridi itatuwahi: 13 Novemba 2032, asubuhi hadi mchana, na darubini yenye karatasi kama ya Horrocks itatosha.