Sababu Haimo Kwenye Jedwali la Mauzo

Kila baada ya muda mfupi meneja wa mauzo huniuliza kwa nini amlipe mchambuzi, ilhali akili mnemba ikipewa faili la Excel "inakuambia data inasema nini". Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole. Data haisemi. Inayosema ni modeli ya lugha, yaani hiyo akili mnemba inayotunga maneno, nayo imefunzwa kwa maandishi ya watu, ambao wakisimulia ongezeko la mauzo hawakosi kumtafuta wa kumsifu.

Kuhusu hesabu sitakawia. Usiiache modeli ijumlishe kichwani. Iagize iandike fomula au msimbo wa Python (lugha ya kuandikia programu), uuendeshe, kisha ulinganishe jumla na iliyomo vitabuni. Wastani uambatane na mediani, yaani thamani ya katikati tarakimu zikipangwa kwa ukubwa. Mhimili wa chati ya nguzo uanzie sifuri. Basi.

Kinachonikera ni sababu. Chukua duka la jumla la Kariakoo linalouza sukari, unga wa ngano na tende, ambalo lilitangaza punguzo la bei mwanzoni mwa Machi 2024. Jedwali lina safu za mwezi, bidhaa na mapato. Ukilinganisha na 2023, Machi imepanda na Aprili imeshuka. Iambie mashine iandike simulizi ya kuwashawishi wakurugenzi, nayo itaeleza, kwa Kiswahili kisicho na doa, kwamba punguzo liliwavuta wateja, kwamba lilipokoma wakaondoka, na kwamba inafaa lirudishwe. Hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa. Ila mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko wa kawaida: mwaka 2023 mfungo wa Ramadhani ulianza karibu na tarehe 23 Machi na kumeza sehemu kubwa ya Aprili, na mwaka 2024 ulianza karibu na tarehe 12 Machi, Idi ikaangukia tarehe 10 Aprili. Siku za futari zilihama kutoka Aprili kwenda Machi. Safu ya Ramadhani haimo kwenye jedwali, ingawa yeyote aliyewahi kuuza tende angeiulizia kabla hajafungua faili.

Utaniambia modeli inaijua Ramadhani. Inaijua vizuri, na ukiiuliza itakupa tarehe zake. Lakini umeiagiza ishawishi, na simulizi ya kushawishi hupenda mhusika anayetenda jambo na kustahili pongezi. Mwezi mwandamo hauombi bajeti. Ndiyo maana mimi hugawa agizo: kwanza iorodheshe maelezo yote yanayoweza kuzaa tofauti hiyo, pamoja na takwimu ambayo ingekanusha kila moja, na hairuhusiwi kuandika simulizi mpaka niyapime.

Hata hivyo, Ramadhani yangu nayo ni simulizi. Ukiyapanga mauzo kwa kalenda ya Hijria utapata mlinganisho wa haki zaidi, lakini miaka miwili ni mifungo miwili tu, na punguzo lilitangulia mfungo kwa siku chache, hivyo athari zao zimeshikamana kiasi kwamba sijui hesabu ya kuzitenganisha bila duka la pili ambalo halikupunguza bei. Nikimwandikia mkurugenzi hivyo, ataniuliza kama alirudishe punguzo au aliache. Jibu langu ni alirudishe kwenye tawi moja tu, katika mwezi usio wa mfungo, na nakiri kwamba taarifa hiyo ya nusu ukurasa haishawishi hata robo ya ile ya mashine.