Je, Wajua Kwa Nini Kenya Iliwahi Kuwa na Wizara Mbili za Afya?

Kuanzia Aprili 2008 hadi 2013, mgonjwa aliyetibiwa katika zahanati ya kijijini nchini Kenya alikuwa chini ya wizara moja, na akiandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, alipovuka lango la hospitali hiyo alikuwa ameingia mikononi mwa wizara nyingine. Zahanati na vituo vya afya vilikuwa vya Wizara ya Afya ya Umma na Usafi, iliyoongozwa na Beth Mugo. Hospitali, kuanzia za wilaya hadi za rufaa, zilikuwa za Wizara ya Huduma za Matibabu, iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o. Kila wizara ilikuwa na waziri wake, mawaziri wake wasaidizi, katibu wake wa kudumu na fungu lake la bajeti, ilhali mgonjwa na maradhi yake ni wale wale.

Mugo aliteuliwa kwa upande wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, na Nyong'o kwa upande wa ODM, chama cha mpinzani wake Raila Odinga. Jibu la swali letu limo humo, lakini ili lieleweke inafaa kurudi nyuma kidogo, kwani wizara hizo mbili hazikuzaliwa na wataalamu wa tiba waliokaa wakafikiria namna bora ya kuwahudumia wananchi. Zilizaliwa na mkataba uliokomesha umwagaji damu.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007 ulimkutanisha Rais Mwai Kibaki wa PNU na Raila Odinga wa ODM. Tarehe 30 Desemba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila, na jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa katika Ikulu ya Nairobi. ODM iliyakataa matokeo hayo. Ghasia zilizofuata ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Umoja wa Afrika ulileta jopo la wapatanishi watatu, Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel, na baada ya majuma ya mazungumzo katika Hoteli ya Serena, Kibaki na Raila walitia saini mwafaka wa kugawana madaraka mbele ya jumba la Harambee House tarehe 28 Februari 2008, Annan akishuhudia pamoja na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo.

Mwezi uliofuata Bunge liliugeuza mwafaka huo kuwa Sheria ya Mwafaka wa Kitaifa na Maridhiano ya 2008, na likarekebisha Katiba ili sheria hiyo isije ikatupwa na mahakama. Ukiisoma sheria yenyewe utashangaa jinsi ilivyo fupi. Ilianzisha wadhifa wa Waziri Mkuu, mwenye mamlaka ya kuratibu na kusimamia utekelezaji wa kazi za serikali, pamoja na manaibu wawili, mmoja kutoka kila upande. Kuhusu wizara, haikutaja hata moja kwa jina, wala haikusema ziwe ngapi. Ilisema tu kwamba muundo wa serikali ya mseto uzingatie nguvu za vyama bungeni, na wakati wote uzingatie usawa wa uzito wa wizara. Sharti hilo la pili ndilo lililokuja kutikisa mambo.

Nguvu bungeni ni jambo la kuhesabu. ODM ilikuwa imeshinda viti 99 kati ya 210 vya kuchaguliwa, na PNU 43, lakini PNU ilikuwa na washirika: ODM-Kenya ya Kalonzo Musyoka iliyokuwa na viti 16, KANU iliyokuwa na 14, na vyama vingine vidogo. Ukizijumlisha kambi hizo mbili zinakaribiana, kwa hiyo nusu kwa nusu haikuwa ngumu kukubalika. Uzito wa wizara, kwa upande mwingine, hauhesabiki kwa vidole. Wizara ya Fedha na Wizara ya Uvuvi zote ni wizara, kila moja ina waziri na bendera kwenye gari, lakini hakuna chama ambacho kingekubali kupewa ya pili na kuambiwa kwamba imelingana na ya kwanza. Wakenya waliiita serikali hiyo nusu mkate, na waliotumia jina hilo walielewa vizuri kwamba mkate una upande wa nyama na upande wa ganda.

Tatizo lilizidishwa na jambo lililotokea kabla ya mwafaka. Tarehe 8 Januari 2008, nchi ikiwa bado inaungua, Kibaki alikuwa ameteua mawaziri 17 na kuwakabidhi wizara kubwa kubwa: Fedha kwa Amos Kimunya, Usalama wa Ndani kwa George Saitoti, Mambo ya Nje kwa Moses Wetang'ula, Haki kwa Martha Karua, Kawi kwa Kiraitu Murungi, Serikali za Mitaa kwa Uhuru Kenyatta, Barabara kwa John Michuki. Kwa hiyo ODM ilipofika mezani mwezi Machi, ilikuta nyama imekwisha kutiwa kwenye sahani. Hoja yake ilikuwa kwamba uteuzi wa Januari ulikufa siku mwafaka ulipotiwa saini, na kwamba wizara zote zirudishwe mezani zigawanywe upya. PNU haikuona hivyo.

Mvutano huo ulichukua majuma sita. ODM ilitaka baraza dogo zaidi, PNU ikataka kubwa zaidi, na mwanzoni mwa Aprili wakakubaliana wizara ziwe 40. Idadi ilipopatikana, ugomvi ukahamia kwenye majina ya wizara, na ODM ikasimamisha mazungumzo. Hatimaye tarehe 12 Aprili wakuu hao wawili walikutana faraghani katika Ikulu ndogo ya Sagana, chini ya Mlima Kenya, na kesho yake, siku ya Jumapili, Kibaki akatangaza baraza la mawaziri. Wizara 20 zilikwenda kwa PNU na washirika wake, 20 kwa ODM, naye Raila akawa Waziri Mkuu.

Namna walivyofika kwenye usawa huo ndiyo sehemu ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Kibaki alibaki na Fedha, Usalama wa Ndani, Ulinzi, Mambo ya Nje, Haki na Kawi, yaani hazina, bunduki na sheria. Alichokiachilia kati ya wizara alizokwisha kuzigawa Januari ni hasa Serikali za Mitaa, iliyokwenda kwa Musalia Mudavadi pamoja na unaibu wa Waziri Mkuu, na Barabara, iliyokwenda kwa Kipkalya Kones. Uhuru Kenyatta alihamishiwa Biashara, naye akawa Naibu Waziri Mkuu wa pili, huku Michuki akipelekwa Mazingira. ODM ilipata pia Kilimo kwa William Ruto, Ardhi kwa James Orengo, Maji kwa Charity Ngilu na Utalii kwa Najib Balala.

Bado mizani ilikuwa haijatulia, na hapo ndipo kisu kilipotumika. Pale ambapo pande mbili zilitaka kitu kimoja, kitu hicho kilikatwa. Afya ikawa wizara mbili, moja huku na moja kule. Shule zikawa za Wizara ya Elimu chini ya Profesa Sam Ongeri wa upande wa PNU, na vyuo vikuu vikawa vya Wizara ya Elimu ya Juu chini ya Sally Kosgei wa ODM. Barabara na Ujenzi zilikwenda kwa ODM zikiwa wizara mbili tofauti, Uchukuzi ukabaki PNU kwa Chirau Ali Mwakwere, kwa hiyo gari lilikuwa na waziri mmoja na barabara linayopita ilikuwa na mwingine wa chama kingine. Ardhi ilikuwa ya ODM, nyumba zinazojengwa juu yake zikawa na waziri wa PNU, Soita Shitanda. Mkulima mwenye shamba la mahindi na ng'ombe watatu alikuwa na waziri wa ODM kwa mahindi na waziri wa PNU kwa ng'ombe, maana Mifugo ilikuwa ya Mohamed Kuti. Hata Serikali za Mitaa, iliyopiganiwa kwa nguvu kiasi kile, ilipomfikia Mudavadi ilikuwa na jirani mpya: Wizara ya Maendeleo ya Nairobi na Viunga vyake, iliyopewa Mutula Kilonzo wa ODM-Kenya. Jiji kubwa kuliko yote nchini likawa na mawaziri wawili wa kambi mbili.

Si haki kusema kwamba kila mpaka ulichorwa bila sababu. Yako mataifa yanayotenganisha elimu ya juu na shule, na Wizara ya Kaskazini mwa Kenya, aliyopewa Mohamed Elmi, ililielekeza jicho la serikali kwenye eneo lililokuwa limepuuzwa tangu uhuru, jambo ambalo nalihesabu kuwa jema. Lakini mtu akiitazama orodha nzima ya wizara 40 kwa makini, hawezi kukosa kuona kwamba mshono umepita pale siasa ilipouhitaji.

Kulikuwa pia na mgawo ndani ya mgawo. Kila kambi ilikuwa na deni la ndani. Upande wa Kibaki ulipaswa kuwashibisha ODM-Kenya, ambayo kiongozi wake Kalonzo alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, KANU ya Uhuru, Narc-Kenya ya Karua, Ford-Kenya ya Wetang'ula na wengineo. Upande wa Raila ulikuwa na Pentagoni, kundi la vigogo walioongoza kampeni, na hakuna hata mmoja aliyeachwa nje: Mudavadi, Ruto, Balala, Ngilu, na Joseph Nyagah aliyepewa Vyama vya Ushirika. Kisha kuna mikoa, ambayo kila mmoja ulitazama orodha kuona kama umekumbukwa. Wizara 40 zilipoonekana kuwa chache kwa madeni hayo, nafasi za mawaziri wasaidizi zilibeba yaliyobaki. Kwa jumla serikali ilimeza zaidi ya wabunge 90 katika Bunge la wabunge 222, na upinzani rasmi ukatoweka.

Nafasi za wasaidizi zilikuwa na kazi nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kuweka jicho. Katika wizara nyeti, msaidizi aliweza kutoka kambi isiyo ya waziri. Fedha ilikuwa ya PNU, lakini Oburu Oginga, kaka yake Raila, alikuwa waziri msaidizi humo. Usalama wa Ndani ilikuwa ya Saitoti, na Orwa Ojode wa ODM akawa msaidizi wake. Hawa wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka minne, na tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi waliyokuwa wamepanda ilianguka katika msitu wa Ngong, wakafa pamoja na wote waliokuwamo. Wakenya waliowazika mawaziri hao mmoja baada ya mwingine hawakuwa wakiuliza nani alikuwa wa chama gani.

Je, mgawo huo ulidumu vipi bila kuvunjika? Kwa sababu ya kifungu kingine cha sheria ile: waziri aliyependekezwa na chama hakuweza kuondolewa isipokuwa baada ya mashauriano na ridhaa ya maandishi ya kiongozi wa chama chake. Kwa maneno mengine, kiti kilikuwa mali ya kambi, si ya Rais. Ushahidi ni mwingi. Kones alipofariki katika ajali ya ndege Juni 2008, Barabara ilibaki ODM kwa Franklin Bett. Kimunya alipong'atuka Fedha Julai 2008, baada ya Bunge kupitisha hoja ya kutokuwa na imani naye kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency, wizara ilishikiliwa na Michuki kisha ikaenda kwa Uhuru, wote wa kambi ya Kibaki. Karua alipojiuzulu Aprili 2009, Haki ilichukuliwa na Mutula Kilonzo, naye Njeru Githae akaziba pengo lake Nairobi. Watu walihama, viti havikuvuka mpaka.

Mpaka huo ulijaribiwa kwa nguvu tarehe 14 Februari 2010. Raila alitangaza kuwasimamisha kazi Ruto na Ongeri kwa miezi mitatu ili kashfa za mahindi na fedha za elimu ya msingi zichunguzwe. Saa chache baadaye Kibaki akatangaza kwamba wote wawili wanabaki kazini, kwa kuwa hakushauriwa. Mamlaka ya kusimamia serikali, yaliyoandikwa kwa ajili ya Waziri Mkuu, hayakutosha kumsimamisha hata waziri wa chama chake mwenyewe. Katika hili naona sheria ilikuwa na kasoro ya kweli: ililinda amani kati ya wakubwa wawili vizuri kuliko ilivyolinda mali ya umma. Hata hivyo, nikikumbuka hali ya nchi Januari 2008, siwezi kuwalaumu waliokaa Serena kwa kuweka amani mbele.

Katiba mpya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, iliuacha mseto uendelee hadi uchaguzi uliofuata, lakini iliweka kikomo katika kifungu cha 152: mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na wasiwe wabunge. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 wizara zilipunguzwa zikawa 18. Mifugo na Uvuvi zilirudi kwenye Kilimo, na Afya ikaunganishwa tena chini ya waziri mmoja, James Macharia. Zahanati na hospitali ya wilaya, zilizokuwa zimetenganishwa na mkataba wa Nairobi, zote mbili ziliwekwa chini ya serikali za kaunti.