Udongo wa malisho ulioshindiliwa: dhana potofu kuhusu plau, ripa na sabusoila

Malisho yanayokanyagwa na ng'ombe mwaka mzima hufika mahali yakagoma. Mvua hunyesha lakini maji hutuama juu au hukimbilia bondeni, nyasi hudumaa, na sehemu zilizo tupu huongezeka kila msimu. Mfugaji anayeona hayo mara nyingi huambiwa akodi trekta. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, ila umezungukwa na dhana zinazomfanya alipie kazi asiyoihitaji au, vibaya zaidi, kazi inayoongeza tatizo.

Dhana: Plau hulainisha udongo wowote mgumu.

Plau la diski hugeuza sentimita 20 hadi 25 za juu na kuacha kilicho chini kama kilivyokuwa. Shamba likilimwa kila mwaka kwa kina kile kile, diski husiliba sakafu ya mfereji, na gurudumu la trekta linalopita humo huishindilia zaidi, mpaka litokee tabaka gumu ambalo mizizi hulifikia na kukunja kona. Haro ya diski nayo huweza kutengeneza tabaka la namna hiyo, karibu zaidi na uso wa ardhi. Kwenye malisho hasara ni mbili, kwa sababu plau hung'oa nyasi za kudumu ambazo mizizi yake ndiyo iliyokuwa ikiweka matundu ya kupitisha hewa na maji.

Dhana: Ng'ombe wameshindilia ardhi mpaka chini kabisa, kwa hiyo inahitajika sabusoila, jino refu la trekta linalopasua udongo wa chini.

Kwato hukandamiza kwa nguvu kubwa kwenye eneo dogo, na madhara yake kwa kawaida huishia ndani ya sentimita 15 za juu. Mashine nzito ndizo zinazoshindilia chini zaidi ya hapo. Malisho ambayo hayajawahi kulimwa kwa trekta hayana sababu kubwa ya kupitishiwa sabusoila inayoshuka sentimita 40, kazi inayodai trekta yenye nguvu na mafuta mengi. Ripa ya kina kifupi, yaani jino linalochana udongo bila kuugeuza, au rola yenye visu vya kutoboa uso bila kuugeuza, hufikia tatizo lilipo. Kabla ya kukodi chochote, chimba shimo la nusu mita, uangalie mizizi inaishia wapi, kisha uchomeke nondo katika sehemu kadhaa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, ukipima ni kina gani inapokataa kushuka.

Dhana: Kazi ifanyike udongo ukiwa umelowa, kwa kuwa chuma hupita kwa urahisi.

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi, na ni haki lielezwe kwa urefu. Kazi ya jino la sabusoila ni kuinua udongo ili upasuke kuelekea pande zote, na udongo mbichi haupasuki: hukatwa, husilibwa kuta, kisha hujifunga, huku magurudumu yakishindilia pembeni. Chukua udongo kutoka kina ambacho jino litafika, uuviringishe kwa viganja. Ukitengeneza uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, subiri. Ukimeguka, anza. Ukikauka kupita kiasi, trekta huelemewa na hutoka mabonge makubwa, kwa hiyo wakati unaofaa ni mfupi, na kwa kawaida huangukia baada ya mvua kukatika. Jino lipite kama sentimita 5 chini ya tabaka gumu. Likishushwa mno husukuma udongo pembeni na kuukandamiza badala ya kuuinua.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari tofauti, kwa kuwa hupasuka wenyewe unapokauka na kuvimba unapolowa, hivyo mara nyingi unahitaji kuachwa upumzike kuliko kupasuliwa. Chokaa ya kilimo, inayouzwa wakati mwingine kama dawa ya ugumu, kazi yake kuu ni kupunguza uchachu. Jasi husaidia pale udongo ulipo na magadi.

Dhana: Mashine ikishapita, kazi imekwisha.

Udongo uliopasuliwa ni dhaifu, na sehemu kubwa ya ushindiliaji hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza. Ng'ombe wakirudishwa mapema, fedha ya trekta imepotea. Matundu hushikiliwa na mizizi: nyasi za boma rhodes, lusini, au mbaazi kwenye eneo linalopandwa upya. Wasukuma wanaifahamu vyema nafasi ya mapumziko kupitia ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, utaratibu ambao mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza kuufufua mkoani Shinyanga mwaka 1986. Mfugaji asiyeweza kufunga eneo lote agawe malisho kwa zamu, na siku za mvua kubwa awalishe ng'ombe nyasi za kukata wakiwa zizini, kwa maana kwato hushindilia zaidi ardhi ikiwa imelowa.